Tuanze na Sindano

Katika gazeti letu la muhula huu natoa maoni yangu juu ya zile shilingi 240,000 za chama cha muziki. Fedha hizo zilipatikana kwa jasho la vijana wenyewe, kwa kuuza machungwa na mihogo ya bustani, na kwa kiingilio cha ngoma walizocheza siku ya mahafali. Sasa zina wachumba watatu.

Wa kwanza asema tununue spika kubwa yenye taa za rangi, ili siku za sherehe shule isikike mpaka ng'ambo ya bonde. Wa pili asema tununue ile mashine ya santuri ya sanduku, iliyo kamili, ambayo baadhi ya wazazi wameiona dukani Dar es Salaam. Wa tatu, naye ni mtu wa busara, asema tuziweke fedha hata zitimie za kutosha, ijapokuwa itachukua miaka mitatu, kisha tununue mashine nzuri na viungo vyake vyote kwa siku moja.

Mimi ni mlezi wa chama hicho, tena ni mwalimu wa fizikia, na tangu mwaka 2021 nimekuwa nikijijengea mashine yangu ya santuri kidogo kidogo kwa mshahara huu tuujuao sote. Wachumba wote watatu siwakubali. Maoni yangu ni kwamba tuanze muhula ujao, tununue kipande baada ya kipande, na kipande cha kwanza kiwe kile kinachoigusa santuri yenyewe. Spika zije mwisho.

Wako vijana ambao hawajapata kuiona santuri ikipigwa, basi nieleze kidogo. Ni sahani nyeusi yenye mfereji mmoja mwembamba uzungukao kutoka ukingoni hadi karibu na kati. Kuta za mfereji huo zina mawimbi madogo, na mawimbi hayo ndiyo sauti. Sahani ikizunguka, sindano hupita mferejini ikitikisika kama pikipiki katika barabara ya matuta. Mtikisiko wa sindano hugeuzwa kuwa umeme mdogo sana katika kichwa cha mkono, na umeme huo ukikuzwa ndio unaosukuma spika. Wazee wetu wengine bado huiita mashine hiyo kinanda cha santuri, au gramafoni.

Sasa mtu ataniuliza, santuri na Kurui wapi na wapi? Muhula uliopita wanafunzi wa kidato cha tatu waliambiwa wakaulize majumbani. Walirudi na habari za masanduku sita katika kata yetu, mengine yakiwa darini, moja chini ya kitanda cha bibi, na moja likiwa kiti cha kukalia jikoni. Nyingi zilizomo ni zile sahani ndogo za miaka ya 1960 na 1970, zenye wimbo mmoja kila upande, au wimbo mmoja uliokatwa katikati, maneno upande huu na magitaa upande wa pili. Chache ni zile nzito za zamani zaidi, zivunjikazo kama sahani ya udongo.

Masanduku hayo si takataka. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa Mzenga, katika wilaya yetu hii hii ya Kisarawe, mwaka 1944. Akaenda Morogoro, akawa mpiga gitaa na mwimbaji wa Morogoro Jazz. Mwaka 1970 alifika na bendi hiyo Osaka, nchini Japani, katika maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka 1973 akaunda bendi yake ya Super Volcano, na Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa, hajatimiza hata miaka 35. Nyimbo za bendi zetu za siku hizo zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam au Nairobi, na santuri nyingi zilipigwa chapa Nairobi. Mwanafunzi wa Kurui anayeweza kuniambia majina ya wachezaji kumi na mmoja wa timu ya Ulaya, na asijue kwamba fundi wa gitaa kama huyo alitoka jirani, hana kosa. Hakuna aliyemsikilizisha.

Na zile nzito ni za kale zaidi. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay, akaimba mbele ya mitambo ya Gramophone Company, na santuri zake zikauzwa pwani nzima. Shaaban Robert ameandika wasifu wake, nao wengi wetu tumeusoma. Lakini kusoma habari za mwimbaji na kumsikia mwimbaji ni mambo mawili mbalimbali. Siwezi kusema kwamba katika masanduku yetu sita imo santuri ya Siti, maana karatasi za katikati zimeliwa na mende na majina hayasomeki. Ndiyo sababu nataka zipigwe.

Iko haraka nyingine. Siku hizi santuri zimerudi katika heshima huko ughaibuni. Nchini Marekani, mwaka 2022, ziliuzwa sahani nyingi kuliko CD, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1987. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazitafuta pia santuri za zamani za Afrika Mashariki. Mwaka jana alifika hapa kijana mmoja na pikipiki, akapita nyumba kwa nyumba akinunua santuri kwa shilingi 2,000 moja. Hakufanya kosa lolote, alitoa fedha akapewa mali. Walakini mzee mmoja aliyemwuzia zaidi ya ishirini aliniambia kwamba tangu mashine yake ilipokufa, kabla mwanawe wa mwisho hajazaliwa, hakuwahi kuzisikia tena, basi angezilindia nini? Kitu kisichosikika huonekana hakina thamani, na mwenye njaa hukitoa kwa bei ya unga.

Basi tumrudie mchumba wa pili, mwenye mashine ya sanduku, maana huyo ndiye anayependwa na wengi. Ina kila kitu: sahani ya kuzungushia, mkono, kikuza sauti na spika mbili ndogo ndani ya sanduku moja la rangi nzuri, na bei yake ni shilingi 230,000. Ukiitoa katika karatasi na kuichomeka, inaimba. Wazazi wanauliza, mwalimu anataka nini zaidi?

Nataka mtazame mkono. Katika mashine nyingi za namna hiyo kichwa cha mkono ni cha aina ya bei ya chini, kinachohitaji kuilemea santuri kwa uzito wa gramu tano hivi. Tena mkono hauna mahali pa kupunguzia uzito. Gramu tano si kitu mkononi mwako. Lakini wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanajua kwamba kanieneo ni nguvu ikigawanywa kwa eneo, na eneo ambalo ncha ya sindano hugusa ukuta wa mfereji ni dogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Mama mwenye kiatu cha kisigino chembamba hutoboa sakafu ya udongo ambayo tembo angeikanyaga ikabaki nzima. Mara nyingi ncha yenyewe ni ya yakuti, nayo yakuti hulika mapema kuliko almasi, na ikishalika huwa na kingo kali zinazokwangua. Juu ya hayo, spika zimo ndani ya sanduku lile lile, zinatikisa mkono huku mkono unasoma.

Sitaki kusema uongo. Santuri ikipigwa mara moja juu ya mashine hiyo haiharibiki, na mtu aliye na santuri mpya za dukani, anayeweza kununua nyingine, atajifurahisha bila dhambi. Sisi hatuna santuri mpya. Tuna za bibi zetu, na wanafunzi mia kadhaa watakaotaka kusikia wimbo ule ule kila siku ya chama. Sauti nyembamba zitatoweka kwanza, zile za matoazi na herufi sin na shin kinywani mwa mwimbaji, kisha mikwaruzo itazidi, na hakuna duka la kwenda kununua nyingine.

Spika mbaya haiharibu santuri. Kikuza sauti kibovu kitaunguruma, nacho pia hakiiharibu. Kati ya viungo vyote vya mashine, sindano na mkono peke yake ndivyo viwezavyo kuila mali tuliyokabidhiwa. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende huko, na vingine tuviazime, tuvitengeneze, au tuvivumilie vilivyo vibaya. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo wazee wasemavyo, lakini methali haikutuambia ni haba ipi itangulie.

Nitaeleza nilivyofanya mimi, na bei nilizolipa, ili mzazi asidhani haya ni maneno ya vitabuni.

Mwaka 2021 nilipata Kariakoo, kwa fundi wa redio, mashine ya Ulaya ya miaka ya 1970 iliyokuwa imetupwa nyuma ya mafriji. Haikuwa na sindano wala kichwa, na kigurudumu cha mpira kinachozungusha sahani kilikuwa kigumu kama jiwe. Nililipa shilingi 90,000. Niliipenda kwa mambo matatu. Mkono wake una uzito wa nyuma unaosogezwa, kwa hiyo naweza kuchagua gramu nitakazo. Kichwa chake hufungwa kwa skrubu mbili za kawaida, kwa hiyo chaweza kubadilishwa. Na ina mwendo wa aina tatu: mizunguko 33 na theluthi kwa dakika kwa sahani ndefu, 45 kwa sahani ndogo, na 78 kwa zile nzito za kale. Mashine nyingi za siku hizi hazina huo wa 78, na bila huo Siti haimbi.

Hapa niwaonye wanunuzi. Ukiona mashine ya zamani iliyotoka Marekani, ulizia umeme wake. Huko ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Kwetu ni volti 230 na mizunguko 50. Transfoma itatengeneza volti, lakini haigusi mizunguko, na mota nyingi za zamani huenda kwa kufuata mizunguko hiyo. Mashine kama hiyo ikiletwa Kurui huenda kwa mwendo wa tano ya sita: wimbo wa dakika tatu huchukua dakika tatu na sekunde 36, na Mbaraka huimba kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Kigurudumu nilimpelekea fundi akakichonga na kukivika mpira mpya kwa shilingi 15,000. Kisha nilikaa miezi mitano na mashine inayozunguka bila kuimba. Mke wangu alikuwa akiiwekea kitambaa cha mezani. Mwezi wa sita mpwa wangu alikuwa anarudi kutoka Muscat, nikamtumia shilingi 65,000 akaniletea kichwa kipya chenye sindano ya almasi, cha bei ya chini katika vilivyo vya heshima, kitakacho gramu tatu tu. Sindano ya namna hiyo, ikitunzwa, hufanya kazi saa mia kadhaa kabla ya kubadilishwa.

Kiungo cha tatu ni kidogo kama kiberiti cha jikoni, na wengi hawakijui: priampu. Umeme utokao katika kichwa cha mkono ni volti tano za elfu hivi, hautoshi kitu. Tena santuri hukatwa kwa makusudi huku sauti nene zimepunguzwa na nyembamba zimezidishwa, ili mfereji usiwe mpana mno na mikwaruzo isisikike sana. Makampuni yalipatana kipimo kimoja cha kufanya hivyo katikati ya miaka ya 1950. Priampu hukuza umeme na kuzirudisha sauti mahali pake. Bila hiyo, utachomeka mashine katika redio yako na kusikia mbu. Nilinunua kwa shilingi 45,000.

Jumla mpaka hapo ni shilingi 215,000. Spika sikuwa nayo, wala sikununua. Nilichomeka priampu katika redio ya kaseti ya nyumbani, ile yenye tundu la pembeni, na santuri ya kwanza ikaimba kwa spika ya redio, saa mbili usiku, mvua ikinyesha. Jirani alikuja kuuliza ni stesheni gani. Mwaka mzima nilisikiliza hivyo, na katika mwaka huo sindano yangu haikuila santuri hata moja. Baadaye nilitoa spika mbili katika redio kubwa iliyokufa, seremala akanitengenezea makasha, yote kwa shilingi 80,000. Kikuza sauti kidogo cha volti 12 kikanigharimu shilingi 35,000. Mwisho, mwaka 2024, nilinunua sindano ya pili, nene, kwa ajili ya santuri za 78, shilingi 70,000. Mfereji wa santuri hizo ni mpana mara tatu hivi, na sindano ya kawaida huzama chini kabisa ikisoma vumbi badala ya wimbo. Alhasili, shilingi 400,000 katika muda wa miaka mitatu, na hakuna siku niliyokopa.

Mtaona kwamba fedha za chama zatosha hatua tatu za kwanza, zikabaki shilingi 25,000 za sabuni, vitambaa na rafu. Redio ya kaseti ipo katika chumba cha walimu. Makasha ya spika yatatengenezwa na wanafunzi wenyewe, maana mbao za mabaki zipo.

Nami nasema kwa ubinafsi wa mwalimu wa somo langu: mashine iliyoungwa vipande hufundisha, na mashine ya sanduku haifundishi kitu. Wanafunzi watahakikishaje mwendo? Wataweka kipande cha karatasi nyeupe ukingoni mwa sahani na kuhesabu: kwa mwendo wa 33 na theluthi yapasa izunguke mara 100 kamili katika dakika tatu. Wanaotaka usahihi zaidi watachora duara lenye mistari 180, mmoja kila nyuzi mbili, na kulitazama likizunguka chini ya taa ya tyubu ya zamani. Umeme wetu huifanya taa hiyo imulike mara 100 kwa sekunde, na mwendo ukiwa sawa mistari huonekana imesimama. Taa za kisasa za LED nyingi hazifai kwa kazi hiyo. Na gramu tatu zitapimwaje bila mizani ya duka la sonara? Rula, penseli ya kuegemea, vizibo viwili vya soda, na bomba la sindano la zahanati lisilo na ncha. Mililita tatu za maji zina uzito wa gramu tatu. Nimekwisha kujaribu, na tofauti na mizani halisi ilikuwa ndogo.

Juu ya spika yenye taa za rangi sina maneno mengi. Sherehe zetu ni mbili kwa mwaka, na spika hukodishwa.

Kwa mchumba wa tatu, asemaye tungoje, naona hoja yake ina heshima lakini imesahau mambo mawili. Vijana wa kidato cha nne waliochimba mihogo ile watakuwa wameondoka. Na mchwa hawangoji. Sanduku lile la jikoni, lililokuwa la tatu katika orodha yetu, lilipofunguliwa mwezi uliopita, makasha ya karatasi yote yalikuwa udongo, na santuri za chini zimepindika kwa joto la moto hata zimekuwa kama bakuli.

Iko hoja nzito kuliko hizo, nayo imesemwa na mzazi mmoja katika mkutano, kwa adabu: maabara haina vifaa vya kutosha, vitabu ni vichache, nanyi mwacheza na vinanda? Namwunga mkono nusu. Kama fedha hizi zingekuwa za shule, au za michango ya wazazi, ningekuwa wa kwanza kusema ziende maabara. Serikali iliondoa ada mpaka kidato cha nne tangu mwaka 2016 ili mzazi apumue, na si haki kumrudishia mzigo kwa mlango wa nyuma kwa ajili ya muziki. Nakataa kabisa senti ya mzazi iingie katika mashine hii. Lakini vijana walilima kwa ajili ya chama cha muziki, waliambiwa ni ya chama cha muziki, na ahadi waliyopewa ni sehemu ya malezi yao pia.

Na vijana wenyewe huniambia, mwalimu, nyimbo zote zimo katika simu. Zimo nyingi, kweli, na Mbaraka yumo. Lakini zilizomo ni zile ambazo mtu mmoja mahali fulani alikuwa na santuri, na mashine njema, akazinakili. Mtandao haukuzaa wimbo hata mmoja wa zamani. Priampu ile ile yaweza kuchomekwa katika kompyuta ya shule, na kila santuri ya masanduku sita ikanakiliwa mara moja, vizuri, kisha bibi akarudishiwa sanduku lake na wajukuu wakapata wimbo katika simu zao. Kunakili kwa kuuza ni jambo jingine, lina sheria yake, wala hatutalifanya. Lakini nakala ikitoka kwa mkono mzito wa gramu tano na sindano iliyolika, mikwaruzo hiyo ndiyo watakayoirithi hao wajukuu.

Naomba basi, siku ya mkutano wa wazazi wa kufungua muhula, chama kipige kura juu ya hatua hizi tatu: mashine ya mwendo wa aina tatu hata kama haina sindano, kichwa kipya, na priampu. Mwenye jamaa anayesafiri kwenda Muscat, Dubai au Nairobi kabla ya mwezi wa pili anijulishe, maana vichwa na sindano ni rahisi kupatikana huko. Nairobi, katika soko la Kenyatta, yuko James Rugami ambaye ameuza santuri kwa miaka mingi na hutengeneza mashine pia. Mtu akipita huko amwulizie bei.

Wazazi wenye masanduku, msizioshe santuri kwa spiriti. Zile nzito zimetengenezwa kwa lakiri, nayo huyeyuka katika spiriti, na wimbo ukaondoka pamoja na uchafu. Maji safi yaliyochujwa kwa mvuke, yale yauzwayo kwa kujazia betri (si asidi, someni chupa vizuri), tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, na mkono ufuate duara la mfereji bila kuukata. Karatasi ya katikati isilowe. Au msizioshe kabisa, zileteni zilivyo. Zisimamishwe wima kama vitabu, zisilazwe moja juu ya moja, wala zisifungwe juu ya keria ya bodaboda juani. Wanafunzi wa kidato cha tatu watakuwa chumba cha jiografia tangu saa nne asubuhi, na kila mwenye sanduku ataandikiwa hati yenye idadi ya santuri alizoleta, na sahihi yangu.